Mlango wa Kanisa la Mawe

Kisumu,
21 Agosti 1997

Kwa Shangazi Veronicah,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na majirani wote wa Mwandeo. Sisi huku hatujambo. Dolphine anakusalimu sana, wiki hii kazi hospitalini zimemzidi. Ashley amejifunza kusema "hapana", basi nyumba nzima inaendeshwa kwa hapana yake. Mimi bado niko kwenye nyaya za umeme, napanda nguzo nashuka.

Shangazi, unajua ninachotaka kuuliza. Tangu wiki iliyopita redio inataja Likoni: watu wa bara wanafukuzwa, nyumba na maduka yanachomwa, watu wameuawa. Sasa wanaitaja Ukunda. Ivan, ndugu yake Dolphine, hatujamsikia. Ana kile kibanda chake cha kinyozi pale karibu na soko na analala humo humo. Nimepiga simu ya dukani kwa Waziri muuza samaki mpaka nimechoka, inalia tu bila kushikwa. Dolphine hali chakula.

Na mdogo wangu Kitsao yuko wapi? Tangu aachishwe kazi ya bustani hotelini Galu hajaniandikia hata mstari. Najua yeye ni mwenyeji na hakuna atakayemfukuza, lakini kijana akikutwa barabarani siku kama hizi, polisi hawamwulizi kwao ni wapi. Mwite akae kwako.

Na wewe pia. Tangu mumeo, Mwalimu Rai, afariki, umekuwa peke yako na kanisa lile na ufunguo wake. Limesimama miaka mia bila wewe, litasimama mwezi mmoja zaidi. Lifunge, upande basi uje Kisumu. Chumba kipo.

Nasubiri jibu kwa haraka. Ni mimi mwanao,
Maxwell Katana

*

Mwandeo, Msambweni,
5 Septemba 1997

Mwanangu Maxwell,

Marahaba. Mimi ni mzima, namshukuru Mungu. Goti lile la kushoto linanikumbusha kwamba lipo, basi. Mbuzi amezaa mapacha. Hanifa, yule mwalimu wa chekechea, amechumbiwa na kijana wa Vanga. Msalimie Dolphine, na umbusu mjukuu wangu, umwambie aendelee na hapana yake, itamfaa.

Nianze na linalomnyima Dolphine chakula. Ivan yu hai. Kibanda chake kilichomwa na kila kilichokuwamo, lakini yeye alikimbia kwa miguu kupitia minazini, akatokea kwangu nguo zimechanika na kiatu kimoja. Alikaa ndani ya kanisa pamoja na wengine. Jumatatu iliyopita mabasi yalikuja na askari wakawasindikiza hadi Mombasa. Kama hajafika kwenu, yuko njiani.

Nasema wengine, lakini hujui ni wengi kiasi gani. Mpishi wa hoteli na watoto wake, wauza nguo, fundi viatu na mamake kipofu, wafagizi, wote wa bara. Walikuwa wakiniuliza: "Mama, hapa ni salama?" Nikawajibu kwamba kuta hizi zilijengwa na watu waliotoka utumwani, hawakuzijenga nene kwa ajili ya urembo. Akina mama walilala upande wa madhabahu, wanaume mlangoni. Maji tuliteka kwenye birika letu, lile tangi la mvua. Mzee Nassir alitangaza msikitini kwamba atakayekuwa na unga wa ziada aulete kanisani, na ukaja, na samaki wa Waziri wakaja. Hanifa aliwafundisha watoto nyimbo zake za herufi ili wasisikie kelele za nje.

Ijumaa moja, baada ya sala ya alasiri, walikuja vijana na mapanga. Wamefunika nyuso. Mkubwa wao akaniambia: "Mama, wewe ni mwenzetu. Toka mlangoni, hatuna neno na wewe."

Nikamwambia: "Nyumba hii ina mlango mmoja, na mwenye ufunguo ni mimi. Neno lako litakuwa na mimi."

Nikauegemeza mgongo wangu kwenye mlango, Maxwell. Wakati huo watu wa msikitini walikuwa wakitoka, na Mzee Nassir akaja na kanzu yake na fimbo yake akasimama kando yangu, na nyuma yake wengine, hata wale ambao hatusalimiani. Mzee hakupandisha sauti. Aliwauliza kila mmoja wa baba zao angesema nini. Wakasogea nyuma kidogo kidogo, wakaenda zao.

Kuhusu Kisumu, siji. Waliolala humu wameacha vitu vyao kwangu, masufuria, magodoro, baiskeli. Nikiondoka nani atawafungulia wakirudi?

Kitsao hayupo hapa. Sina la kukuandikia juu yake kwa sasa.

Usipande nguzo wakati wa radi.
Shangazi yako,
Veronicah

*

Kisumu,
2 Oktoba 1997

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako ilifika siku mbili baada ya Ivan mwenyewe. Nashukuru, na Mungu akulipe. Sisi ni wazima. Ashley alikuwa na homa, imepoa.

Ivan amekonda. Anakaa nje chini ya dirisha, ukimwuliza jambo anajibu neno moja. Nilimsomea barua yako. Nilipofika pale uliposimama mlangoni aliinuka akaenda zake. Sikumfuata.

Shangazi, umeniandikia mbuzi, goti, uchumba wa Hanifa, umeniandikia hata kanzu ya Mzee Nassir. Lakini Kitsao umempa mistari miwili. "Sina la kukuandikia juu yake kwa sasa." Hayo si maneno yako ninayoyajua mimi. Yuko jela? Ni mgonjwa? Kama kuna jambo, mimi ndimi kaka yake. Baba na mama walipokufa ulitulea wote wawili kwenye kitanda kimoja, mimi ubavu wa ukutani, yeye ubavu wa nje. Nina haki ya kujua.

Pia hukusema ni vijana wa wapi waliokuja mlangoni. Uliwatambua?

Nimesikia kwa mtu aliyetoka Diani kwamba kanisa sasa ni tupu, Wakristo wengi wamerudi kwao. Basi unalinda nini? Masufuria? Fikiri tena juu ya kuja.

Nisalimie wote,
Maxwell

*

Mwandeo,
14 Novemba 1997

Mwanangu,

Marahaba. Ukiona barua hii imechelewa, lawama ni ya mvua. Barabara imekatika kabisa na magari yanashusha watu upande huu wapande jingine upande wa pili. Haijapata kunyesha hivi tangu nizaliwe. Mahindi ya Kinango, ambako kwa kawaida watu huomba tone, yameoza shambani. Mimi ni mzima. Mbuzi mmoja kati ya wale mapacha amekufa kwa baridi. Uchumba wa Hanifa bado uko, ila bwana harusi hawezi kuvuka mto.

Ashley amepona? Na mbona mara hii Dolphine hakunisalimu? Hata kwa homa ya mtoto yeye hunitumia neno.

Sasa nikueleze la kanisa. Tarehe mbili, Jumapili alfajiri, boriti kubwa ya paa ilivunjika na nusu ya paa ikaja chini, upande wa mlango. Namshukuru Mungu hapakuwa na mtu. Ningeweza kuvumilia kusali na mwavuli. Lakini unalijua birika letu: maji yake yanatoka kwenye paa lile. Visima vyote vya huku vimeingiliwa na maji ya vyoo, na kipindupindu kimeingia vijiji vya chini. Maji safi ya Mwandeo ni yale ya birika peke yake. Paa likiwa nusu, tunakinga nusu, na kila asubuhi foleni ya ndoo inafika barabarani, Waislamu na Wakristo, na mimi nagawa.

Wiki iliyopita walikuja mabwana wawili kutoka ofisi ya kanisa mjini. Watu wazuri, hawakuja kwa ubaya. Walizunguka jengo wakitikisa kichwa. Wakasema waumini waliobaki ni wachache, paa ni hatari, afadhali tuungane na wenzetu wa Ukunda na jengo lifungwe. Wakaniomba ufunguo. Nikawaambia ufunguo uko mfukoni, na mfuko nimeushona.

Mmoja akacheka, mwingine hakucheka. Akaniuliza: "Mama, kanisa bila waumini ni la nani?"

Kabla sijafungua kinywa, Mzee Nassir, ambaye alikuwa kwenye foleni na ndoo yake, akasema: "Bwana, nisamehe, mimi si muumini wako. Lakini wanangu wote saba walipimwa uzito kwenye baraza hii siku za kliniki. Wajukuu zangu wanasoma chekechea humu. Kengele hii ndiyo iliyotuita nyumba yangu ilipowaka moto. Na maji haya ninayoyachota ni ya kwenu. Mkilifunga, njooni kwanza mtuambie sisi tutakwenda wapi."

Basi wakatupa muda hadi Pasaka. Paa likiwa limesimama siku hiyo, kanisa litabaki. Kama halijasimama, litafungwa. Nimekubali. Tumeanza kuondoa kifusi. Uniombee nguvu, usiniombee nije Kisumu.

Shangazi yako,
Veronicah

Nimeona umeuliza kuhusu Kitsao. Nimeona.

*

Kisumu,
29 Desemba 1997

Shangazi,

Shikamoo. Krismasi imepita. Niliila peke yangu, wali na maharage, mlango nimefunga ili majirani wasije kuniuliza.

Nilikuficha na sasa sifichi tena. Dolphine hayupo hapa. Amekwenda kwa wazazi wake Siaya tangu katikati ya Oktoba, na mtoto na Ivan wako naye. Ndiyo sababu hukuona salamu zake.

Nimejua habari za Kitsao tangu Septemba. Ivan alinieleza usiku ule ule alipofika, mbele ya Dolphine. Alisema aliuona uso wake kibanda kikiwaka. Kisha akiwa kanisani, nyuma ya mlango, alikusikia wewe mwenyewe ukimwita kwa jina. "Kitsao, mwana wa Katana." Alilisema hivyo hivyo ulivyolisema wewe, kwa sauti yako.

Nilikuandikia nikikuuliza kama mtu asiyejua, nikasubiri. Kabla ya hapo ulikuwa umenipa mistari miwili. Safari hii ukanipa neno moja mara mbili, nimeona, nimeona. Umesimama mbele ya mapanga bila kuondoka lakini kalamu imekushinda.

Huku mimi ni mtu wa pwani. Kazini wananiita "mwenyeji wa Likoni" na wanacheka, nami nacheka nao. Lakini mezani kwa baba mkwe hakuna anayecheka. Sijui nimtazameje Ivan. Unalinda paa na mlango, shangazi, na watu walioondoka. Sisi nyumba yetu imebomoka na hukutuambia neno.

Niambie sasa. Au usiandike tena.

Maxwell

*

Mwandeo,
18 Januari 1998

Maxwell, mwanangu,

Marahaba, ijapokuwa shikamoo yako mara hii ilikuwa na meno. Mimi ni mzima wa mwili. Majirani ni wazima. Hayo yatoshe.

Ni kweli. Alikuwa wa tatu kutoka kwa mkubwa wao, amejifunga shuka usoni. Nilimtambua kwa mabega. Nimeusugua mgongo ule tangu ana miaka minne, ningewezaje kutoujua. Nikasema: "Kitsao, mwana wa Katana, vua hilo shuka uniangalie." Hakuvua. Lakini alishusha panga, na wenzake wakamgeukia yeye badala ya mimi, na hapo ndipo Mzee Nassir alipopata nafasi ya kusema. Wote waliokuwa mlangoni walisikia. Mzee Nassir alisikia. Tangu siku hiyo hajaniuliza hata mara moja, na heshima hiyo inaniuma kuliko kama angenitukana.

Utaniuliza kwa nini sikukuandikia. Niliona aibu. Watu walionikimbilia walikuwa wakinibusu mikono, wakiniita mama, na aliyewafukuza amekula kwenye sahani zangu. Niliogopa pia kwamba ukijua utamkana nduguyo, au utamtetea. Yote mawili sikuyataka kabla ya kumsikia yeye mwenyewe. Lakini sikuwaza kwamba jambo hili lingekuwa limekwisha kufika kwako, na kwamba wewe ulikuwa ukilibeba peke yako huku mke anafunga virago. Hilo ni langu. Nisamehe.

Sasa nikueleze ninalolijua. Walipewa ahadi, vijana hawa. Kwamba wa bara wakiondoka, kazi za hoteli na viwanja vitakuwa vyao. Nduguyo alikuwa hana kazi na ana hasira, akaziamini. Polisi walipoanza kuwakamata na kuwapiga, alivuka mpaka. Ami yake Hanifa amemwona upande wa Tanga akibeba mizigo sokoni. Nimempelekea neno kupitia kwa huyo ami: arudi. Na aelewe kwamba kabla ya kufika mlangoni kwangu atapita kwanza mlangoni pa kanisa, mchana, watu wakiwapo, aseme kwa kinywa chake alichokifanya. Kisha tutakwenda naye kituo cha polisi, mimi na kasisi anayetuhudumia kutoka Ukunda na Mzee Nassir, ili asipigwe. Akikataa, akae huko huko. Simtupi, lakini simfichi.

Umesema nalinda watu walioondoka. Mwanangu, nikilifunga kanisa hili, basi waliokuja na mapanga watakuwa wamepata walichokitaka, wamechelewa tu. Siwezi kuwapa. Na kwa kuwa mmoja wao ni wa kwangu, ndiyo siwezi zaidi.

Kuta tumekwisha kuziziba nyufa. Mabati tumepata. Kilichobaki ni boriti kubwa, na ya mbambakofi, mti usioliwa na mchwa, haipatikani kirahisi.

Barua hii usiifiche. Ipeleke Siaya uwasomee, Dolphine na Ivan na wazee. Usiruke mstari.

Shangazi yako,
Veronicah

*

Kisumu,
20 Februari 1998

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, na mara hii haina meno.

Nilikwenda Siaya Jumamosi. Niliketi mezani kwa baba mkwe nikaisoma barua yako yote, sikuruka. Mzee alikuwa amefumba macho nikadhani amelala, lakini nilipofika pale kwenye "simtupi, lakini simfichi" akanitaka niisome mara ya pili.

Kuna jambo moja sikukueleza mimi. Usiku ule Ivan aliposimulia, nilimwambia mbele ya dada yake: "Labda umemfananisha. Watu wakiwa na hofu huona vingi." Nilijua hakufananisha. Dolphine hakuondoka kwa ajili ya Kitsao, shangazi. Aliondoka kwa neno hilo. Nilipomaliza kusoma aliniambia: "Shangazi yako amesema mwenyewe, na yeye ndiye mwenye aibu kubwa kuliko sote. Hilo ndilo nililokuwa nikilingoja kwako." Nikamgeukia Ivan, nikamwambia kwamba nilimwamini tangu siku ya kwanza, na kwamba nilisema uongo. Aliitikia kwa kichwa tu.

Dolphine na Ashley wamerudi nami. Hatujawa kama zamani. Tunasemezana kwa adabu, kama wageni waliokutana hotelini. Lakini jana alicheka mtoto alipomwaga uji kichwani mwangu.

Ivan alitusindikiza hadi kituoni. Basi lilipokuwa likiondoka aliuliza kupitia dirishani: "Hiyo boriti, wameipata?" Nikamwambia sijui. Akasema: "Ukunda ni kwangu. Miaka tisa nimenyoa pale. Sitafukuzwa mara mbili." Sijui maana yake ilikuwa nini, nakuandikia kama alivyosema.

Dolphine anakusalimu. Amesimama hapa nyuma yangu anahakikisha naandika.

Ni sisi wanao,
Maxwell, Dolphine na Ashley

*

Mwandeo,
19 Aprili 1998

Wanangu Maxwell na Dolphine,

Marahaba, marahaba, na Ashley pia. Nimefurahi kuona majina matatu chini ya barua. Mimi ni mzima. Goti limenyamaza tangu mvua zipungue. Bwana harusi wa Hanifa hatimaye amevuka mto na harusi imekwisha kuliwa. Nilipika sufuria mbili za pilau na nikacheza hadi nikaketishwa kwa nguvu.

Nianze na mwisho, kwa kuwa najua mnausubiri. Kanisa halikufungwa. Siku ya Pasaka wale mabwana wawili walikuja, wakaangalia juu wakakuta paa, zima, kutoka ukuta hadi ukuta. Watu walijaa. Wa bara waliorudi si wengi, lakini mpishi na wanawe walikuwapo, na yule fundi viatu na mamake. Birika linajaa. Ivan anakaa kwangu na ananyoa watu barazani hadi apate kibanda. Sasa niwaeleze tulivyofika huko.

Kitsao alirudi mwanzoni mwa Machi. Ilikuwa saa nne za asubuhi, siku ya kliniki, akina mama wameketi na watoto wao. Alisimama kwenye ngazi ya kanisa, amekonda, shati si lake. Nilitaka kumkimbilia, Mungu anajua. Nikamwambia: "Simama hapo hapo." Nikatuma watu wamwite Mzee Nassir na kasisi na naibu wa chifu.

Alisema mbele ya wote. Kwamba yeye ndiye aliyebeba petroli mpaka kwenye kibanda cha Ivan, mwingine akawasha. Kwamba alikuja hapa na panga. Kuna aliyemwuliza: "Kama shangazi yako asingekuwa mlangoni, ungeingia?" Akautazama mlango, akasema: "Ningeingia." Mama mmoja akainuka na mtoto wake akaondoka. Lakini ninashukuru kwamba hakudanganya.

Kesho yake tulikwenda naye kituoni. Walimweka wiki mbili, wakamwachia kwa dhamana. Kesi ingalipo, na ataijibu. Halali nyumbani kwangu. Analala kwenye baraza ya chekechea, na kutwa nzima alikuwa akifanya kazi ya paa hadi lilipokwisha. Watu hawakumsemesha. Walimwonyesha kwa kidole pa kuweka jiwe, naye akaweka.

Boriti ilipatikana Shimba Hills, mbambakofi mzima, ikaletwa na lori la Waziri Jumatano kabla ya Pasaka. Asubuhi hiyo hiyo, tukiwa tunaizunguka tukijiuliza itapandishwaje, Ivan akatokea barabarani na mfuko wake begani. Hakuwa ameandika kwamba anakuja. Nilimkumbatia. Kisha akaona nani amesimama kwenye ncha ya boriti.

Kila mtu aligeuka kuwatazama. Hata watoto wa chekechea.

Kitsao akaanza: "Ivan, mimi nili..."

"Nilikuwa nyuma ya mlango," Ivan akamkatiza. "Na nilikuwa nyuma ya ukuta kibanda kikiwaka. Usinieleze mimi. Ninajua kuliko wewe."

Kitsao akainamisha kichwa. Akasogea kando, akitaka kuondoka ili Ivan apate nafasi. Wanaume walikuwa wamejipanga kuishika boriti, lakini kwa uzito ule walikuwa hawatoshi, na kila mtu aliliona hilo. Akiondoka hata mmoja, haipandi.

Ivan akaweka mfuko wake chini ya ukuta. Akavua shati akalikunja vizuri, mnamjua alivyo, akaliweka juu ya mfuko. Akaja akashika boriti upande wa mlango, akajaribu uzito wake, akatazama juu pale inapokwenda kukaa. Kisha akamtazama Kitsao.

"Sijakusamehe," akasema. "Shika upande ule."

Kitsao akarudi akashika. Mzee Nassir akahesabu, wakainua.

Shangazi yenu,
Veronicah